Uzi: Ile nguvu ya ziada ya sekunde 10 kwenye magari ya spoti yenye tabo inatoka wapi, na kwa nini inakatwa?

#1 GiaYaTano (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi mdau mmoja aliuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: kama injini ya gari la spoti inaweza kutoa nguvu zaidi kwa sekunde 10, kwa nini walioitengeneza wasiiache itoe nguvu hizo wakati wote? Akajibiwa kwamba ni mbinu ya kuuzia magari, mjadala ukaishia hapo. Mimi naona swali lile lilistahili jibu la maana, kwa sababu ukilichimba unakutana na karibu kila kitu kinachoifanya injini ya tabo iwe ilivyo. Vuteni viti, uzi ni mrefu.

Kwanza tabo yenyewe, kwa haraka. Anayeijua aruke aya hii. Moshi unatoka kwenye injini ukiwa na joto kali na msukumo, na kwenye injini ya kawaida vyote viwili vinapotelea kwenye ekzosi. Tabo inauwekea moshi huo pangaboi njiani. Pangaboi hilo, tabaini, limeshikana kwa shafti moja na pangaboi jingine upande wa hewa safi, kompresa. Moshi ukizungusha la kwanza, la pili linaisukuma hewa iingie kwenye silinda kwa presha. Hewa ikiwa nyingi unaweza kuchoma mafuta mengi, na hapo ndipo nguvu inapopatikana. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905, kwa hiyo si jambo la jana.

Sasa shikeni jambo moja: tabo ikiachwa peke yake haijui kusimama. Hewa nyingi inazaa moshi mwingi, moshi mwingi unazungusha tabaini kwa kasi zaidi, hewa inazidi tena. Bila kizuizi presha itapanda hadi kitu kipasuke. Kizuizi ni westigeti, kilango kidogo upande wa moshi. Kikifunguka, sehemu ya moshi inapita pembeni bila kuigusa tabaini. Kompyuta ya gari ndiyo inayokiamuru, mara nyingi kupitia valvu ya umeme inayocheza na presha ya kopo linalokisukuma.

Mkielewa hapo mmeshaelewa ovabusti, maana ndivyo watu wanavyoiita hii presha ya ziada ya muda. Hakuna chupa ya gesi iliyofichwa kwenye buti wala tabo ya pili iliyokuwa imelala. Kompyuta inakiambia kilango kibaki kimefungwa zaidi kidogo kuliko kawaida, kisha inaanza kuhesabu sekunde.

Mfano ninaoupenda ni Porsche 911 Turbo ya kizazi cha 997, iliyotoka mwaka 2006. Ile haina westigeti ya kawaida. Ndani ya nyumba ya tabaini kuna mapezi yanayojigeuza, yanabana au kupanua njia ya moshi. Ukiwa na kifurushi cha Sport Chrono, ukabonyeza kitufe cha Sport na kukanyaga mafuta mpaka chini, presha inapanda kwa bar 0.2 (bar 1 ni takribani presha ya hewa inayotuzunguka) kwa muda usiozidi sekunde 10. Toku, yaani nguvu ya kuzungusha, inatoka nyutonimita 620 hadi 680. Lakini si popote: ni kati ya mizunguko 2,100 na 4,000 kwa dakika. Nguvu ya juu kabisa ya injini inabaki ileile, farasi 480.

Watu wengi huliruka hilo la mwisho, na mimi naona ndilo lenye utamu. Nguvu ni toku mara mizunguko. Kwenye mizunguko 4,000, nyutonimita 620 ni kilowati 260 hivi, na nyutonimita 680 ni kilowati 285. Umepata kilowati 25 katikati ya safari, pale unapotaka kulipita lori bila kushusha gia. Kule juu, injini ikikaribia mwisho wa mizunguko, tabo tayari inasukuma hewa karibu na kikomo chake na moshi tayari ni wa moto kupindukia. Hakuna nafasi ya kuongeza kitu.

Hesabu nyingine ndogo. Tuseme presha ya msingi ni bar 1 juu ya hewa ya kawaida, jumla bar 2. Ukiongeza 0.2 umeongeza asilimia 10 ya hewa. Na 680 kwa 620 ni karibu asilimia 10. Hewa imeingia, toku imetoka kwa kipimo kilekile.

Basi kwa nini sekunde 10 na si dakika 10? Kwa sababu ya joto. Hewa ukiikandamiza inapata moto. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua inavyochemka. Chukua hewa ya nyuzi 20, ikandamize hadi bar 2 kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70: inatoka na nyuzi 112 hivi. Ipeleke bar 2.2: inatoka na nyuzi 126. Hewa hiyo inapita kwenye intakula, lile rejeta la hewa, ili ipoe kabla ya kuingia kwenye silinda. Injini ya lita 3.6 kwenye mizunguko 4,000 ikiwa kwenye ovabusti inameza karibu kilo 0.28 za hewa kila sekunde. Ukipiga hesabu, intakula inapokea kama kilowati 6 za joto juu ya zile ilizozoea.

Kama vyuma vya intakula vina kilo 5 za aluminiamu, na joto lile la ziada halina pa kwenda, vitapanda nyuzi moja na kidogo kila sekunde. Kwa sekunde 10 ni nyuzi 13 hivi. Hapo bado uko salama. Kwa dakika nzima ni nyuzi 80, na intakula imegeuka jiko. Uzito wa kilo 5 nimeuweka kwa mfano tu, kila gari lina wake, lakini mnaona mwelekeo.

Kwa hiyo nguvu ile si ya bure na wala si ya uongo. Unaikopa kwenye ubaridi wa vyuma. Intakula, pistoni, valvu, nyumba ya tabaini, vyote vina nafasi ya kumeza joto kwa muda mfupi kabla havijafika pabaya, na mhandisi amekuruhusu uitumie nafasi hiyo. Kukopa harusi, kulipa matanga: sekunde zikiisha kompyuta inafungua kilango, na gari linaanza kulirudisha joto lile kwa hewa ya barabarani.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

#2 BintiPistoni

Mkuu asante, sijawahi kuelezwa hivi. Swali: kwenye 911 za baadaye kuna kile kitufe cha duara katikati ya swichi ya usukani, ukibonyeza kioo kinahesabu sekunde 20 kurudi nyuma. Ni kitu kilekile?

#3 GiaYaTano

Hapana dada, na nakushukuru kwa kuuliza maana vinachanganywa kila siku.

Kile kinaitwa Sport Response. Kilikuja kizazi cha 991 kilipofanyiwa marekebisho, kwenye magari yenye Sport Chrono na giaboksi ya klachi mbili. Kwa sekunde 20 gari linajiweka kwenye utayari wa juu: linashuka gia, linaiweka injini kwenye mizunguko ya katikati kwenda juu, linachelewa kupandisha gia, na pedali ya mafuta inakuwa nyepesi kujibu. Kazi yake kubwa ni kukuondolea kusubiri. Nguvu ya juu ya injini haiongezeki.

Kusubiri ndio ugonjwa wa kuzaliwa wa tabo. Ukikanyaga ukiwa kwenye mizunguko ya chini, moshi ni mchache, tabaini inazunguka polepole, na inachukua muda hadi ishike kasi. Injini ikiwa tayari juu, moshi upo na tabo iko macho. Ndiyo maana dereva akibonyeza kitufe kile anahisi kama amepewa injini nyingine, kumbe amepewa injini yake mwenyewe bila ule muda wa kungoja.

Kuna jambo jingine kwenye 911 Turbo ya marekebisho hayo ambalo naliona ni kazi ya akili sana. Ukiachia mafuta kidogo tu, tuseme kati ya kona mbili, gari la kawaida hufunga kipepeo, kile kilango cha hewa inayoingia kwenye injini, na presha yote uliyoijenga inaanguka. Wao wanakiacha kipepeo wazi na kukata mafuta peke yake. Hewa inaendelea kupita, presha haianguki sana, na ukikanyaga tena inakuwepo.

Hivyo viko vitu vitatu: kuongeza presha kwa muda, kuitayarisha injini kwa muda, na kuitunza presha isipotee. Kwenye matangazo vinawekwa kapu moja.

#4 SpanaKumiNaTatu

Mimi ni fundi, nachangia kwa upande wa gereji.

Neno ovabusti lina maana mbili na zimeshawapotezea wateja hela na muda. Maana ya kwanza ni hii ya mwanzisha uzi, kitu kilichopangwa na mtengenezaji. Ya pili ni hitilafu. Ukichomeka mashine ya kusomea ukakuta P0234, gari linakwambia presha imepita pale kompyuta ilipoagiza. Hiyo si zawadi. Kilango cha westigeti kimenata, au mpira mwembamba unaopeleka presha kwenye kopo lake umepasuka au umechomoka. Mpira ukichomoka kopo halipati presha, kilango hakifunguki, tabo inakimbia.

Aliwahi kuja kijana na gari dogo la spoti, amefurahi kwamba "siku hizi limeamka". Linavuta vibaya sana, halafu ghafla linakufa nguvu na taa ya injini inawaka. Yeye aliamini ndiyo ovabusti aliyoisoma mtandaoni: nguvu kwa muda, kisha inakatwa. Tukalifungua. Mpira ule ulikuwa umekauka na kuchanika kwa urefu wa ukucha. Gari lilikuwa linajilinda kwa kujifunga nguvu kila presha ilipozidi, na yeye akawa anazima na kuwasha ili aipate tena. Alifanya hivyo kwa wiki mbili. Pistoni zilipona, namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini plagi mbili zilikuwa zimeanza kuyeyuka ncha.

Tofauti ni rahisi kuihisi. Ile ya kiwandani inaisha kwa upole, toku inashuka kama mtu anayeinua mguu taratibu. Ya hitilafu inakatika kama umepigwa breki. Ukihisi hivyo, peleka gari likasomwe.

#5 Upepo_wa_Kusi

Na mtu akiweka programu ya kurefusha hizo sekunde? Zipo nyingi. Kama chuma kinavumilia sekunde 10, si kitavumilia 30?

#6 SpanaKumiNaTatu

Kitavumilia siku ya kwanza, asubuhi ya baridi, mafuta mazuri. Swali ni siku ya joto, kwenye mwinuko, tanki lina petroli ya okteni (uwezo wa kuvumilia kubanwa bila kujiwasha) ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Adui ni kunoki. Plagi inawasha moto, moto unasambaa ndani ya silinda, lakini ile hewa na mafuta ya pembeni ambayo moto haujaifikia inakuwa na joto na presha kubwa mno hadi inajiwasha yenyewe, yote kwa mpigo. Ule mgongano ndio unaotoboa pistoni na kuvunja ringi. Gari la kisasa lina sensa inayousikiliza mlio huo. Ikiusikia, kompyuta inachelewesha cheche ya plagi. Nguvu inapungua, injini inapona.

Sasa ona mtego. Cheche ikichelewa, mafuta yanamalizia kuungua yakiwa tayari yanatoka nje. Moshi unakuwa wa moto zaidi. Kwenye injini ya petroli iliyobanwa sawasawa, moshi tayari unakaribia nyuzi 1,000. Kwa hiyo unaiokoa pistoni na kuipikia tabaini. Kompyuta itaongeza mafuta ili ipooze, nguvu itapungua tena. Yule aliyerefusha hadi sekunde 30 akipima kwa mashine ya kupimia nguvu atakuta sekunde 15 za mwisho anapata kidogo kuliko alichokuwa nacho kabla ya kubonyeza. Nimeyaona hayo kwenye karatasi ya mashine zaidi ya mara moja.

#7 GiaYaTano

Hapo fundi umelisema nililoshindwa kulisema vizuri. Ovabusti ikirefushwa inajila yenyewe.

Niongeze historia fupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Saab walileta mfumo walioutaja kwa herufi APC. Sensa inasikiliza kunoki, kompyuta inapunguza presha kwa kufungua westigeti. Maana yake presha ikaacha kuwa namba moja iliyofungwa kwa springi na ikawa uamuzi unaofanywa upya kila sekunde. Bila hatua ile hakuna mtengenezaji ambaye angethubutu kumpa dereva wa kawaida presha ya ziada, hata kwa sekunde mbili.

#8 MzeeWaRejeta

Vijana mnanikumbusha mbali. Jambo hili lilianzia angani kabla ya barabarani. Mwaka 1940 Waingereza walipopata petroli ya okteni 100, injini ya Rolls-Royce Merlin kwenye Spitfire na Hurricane iliruhusiwa kupanda kutoka pauni 6¼ hadi pauni 12 kwa inchi ya mraba juu ya hewa ya kawaida. Kwa dharura tu, na kwa dakika 5 kwa mkupuo. Ile haikuwa tabo, kompresa yake ilizungushwa kwa gia kutoka kwenye injini yenyewe, lakini mkopo ni uleule. Mafuta bora yaliisogeza mbele kunoki, muda mfupi ukazuia joto lisizidi.

Wajerumani nao walikuwa na mchanganyiko wa maji na methanoli, nusu kwa nusu hivi, uliopuliziwa kwenye hewa inayoingia. Maji yakigeuka mvuke yanachukua joto. Hadi leo wapo wanaopuliza maji kwenye magari ya mbio kwa sababu hiyohiyo.

#9 LapuYaMwisho

Mzee heshima yako. Mimi ni wa mbio za magari, naomba niseme za uwanjani.

Formula 1 ya miaka ya 1980 ndiyo ilikuwa ovabusti bila haya. Dereva alikuwa na kirungu cha presha ndani ya gari. Siku ya kutafuta nafasi ya kuanzia waliweka injini ambayo kazi yake ilikuwa kuishi mizunguko michache ya uwanja tu, presha ikapita bar 5 kwa jumla kutoka injini ya lita 1.5. Kesho yake wanaweka injini nyingine ya kumalizia mbio. FIA, wasimamizi wa mbio hizo, wakaona hatari, wakaweka kikomo cha bar 4 mwaka 1987, bar 2.5 mwaka 1988, na mwaka 1989 tabo zikapigwa marufuku kabisa. Zilirudi mwaka 2014 na V6 za lita 1.6.

IndyCar, zile mbio za Marekani, ndio wanaofanya karibu kabisa na tunachojadili hapa. Injini ni V6 za lita 2.2 zenye tabo mbili. Kwenye viwanja vyenye kona nyingi na vya mitaani, dereva ana kitufe kwenye usukani. Akikibonyeza, presha inayoruhusiwa inapanda kutoka bar 1.5 hadi 1.65 kwa jumla, anapata farasi kama 50 au 60. Anapewa akaunti ya sekunde kwa mbio nzima, mara nyingi 150 au 200, na kila mbonyezo una kikomo chake. Kwa hiyo unakaa kwenye kochi unahesabu: huyu amebakiza 40, yule nyuma yake ana 90, na imebaki lapu 10. Roho juu. Mwingine anakibonyeza kushambulia, mwingine kujilinda.

Na mjue jinsi kinavyochukuliwa kwa uzito. Mwaka 2024 kitufe hakikuruhusiwa wakati wa kuanza mbio wala zilipoanzishwa upya. Mwaka huo kwenye mbio za St. Petersburg, Florida, Josef Newgarden wa timu ya Penske alishinda. Wiki kadhaa baadaye, kwenye mazoezi ya asubuhi kule Long Beach, mfumo mkuu ulipata hitilafu na magari yote yakakosa kitufe, isipokuwa ya Penske yakaendelea kukitumia. Wakachunguza, wakakuta programu ndani ya magari hayo inakiruhusu kitufe muda wote. Newgarden akanyang'anywa ushindi na mwenzake wa timu, Scott McLaughlin, aliyekuwa wa tatu naye akafutwa. Sekunde chache za presha, ushindi umeondoka.

#10 BintiPistoni

Hilo la Long Beach sikulijua. Mkuu LapuYaMwisho, ile ya umeme ya Formula 1 nayo ni hii?

#11 LapuYaMwisho

Ile ni mkopo wa betri, si wa presha. Ilipoanza mwaka 2009 iliruhusiwa kilowati 60, na kilojuli 400 kwa kila lapu. Gawanya 400 kwa 60: sekunde 6.7. Pale sekunde hazikutokana na joto, zilitokana na ujazo wa akaunti. Ukimaliza unasubiri lapu nyingine.

#12 Nyanda_Juu

Wakuu, naishi kwenye mwinuko mkubwa na gari langu lina ovabusti, lakini kuna siku naihisi na siku siihisi kabisa. Fundi wa kwanza aliniambia nibadilishe tabo. Nifanyeje?

#13 GiaYaTano

Usibadilishe kitu bado, mkuu.

Kwenye mita 2,000 hewa ya nje ina presha ya bar 0.8 hivi badala ya 1. Ili injini ipate jumla ya bar 2.2, tabo ya pwani inaikandamiza hewa mara 2.2. Yako inabidi iikandamize mara 2.75. Ni kazi kubwa zaidi, kwa hiyo shafti lazima izunguke kwa kasi zaidi, na tabo ndogo zinapita mizunguko 200,000 kwa dakika. Mapangaboi yana kikomo, yakizidi yanapasuka. Na hewa iliyokandamizwa mara 2.75 inatoka ya moto zaidi, tumeshaona kwenye hesabu ya juu.

Kompyuta inalijua hili kwa sababu ina sensa ya hewa ya nje. Kitu cha kwanza inachokitoa sadaka ni ovabusti. Siku ya baridi inakupa kidogo, siku ya jua kali inakunyima. Gari lako huenda linafanya kazi yake kwa uaminifu. Mwombe fundi akusomee presha iliyoagizwa na presha iliyopatikana, zote mbili kwa pamoja, gari likiwa barabarani. Zikifuatana, tabo yako ni nzima. Kama iliyopatikana inabaki chini sana, tafuta kwanza mpira unaovujisha hewa.

#14 SpanaKumiNaTatu

Naunga mkono. Tabo nyingi zinazoletwa kwangu "zimekufa" ni klipu ya mpira wa intakula iliyolegea.

#15 Upepo_wa_Kusi

Na magari ya umeme? Hayana moshi wala tabo, lakini naona Porsche wana Taycan Turbo S, na Hyundai wana kitufe kwenye Ioniq 5 N.

#16 GiaYaTano

Neno Turbo kwenye Taycan ni cheo tu, limerithiwa kutoka kwa kaka zake. Lakini muda mfupi upo na sababu zinafanana mno. Taycan Turbo S ya mwanzo ilikuwa na kilowati 460, ikipanda hadi 560 unapoanza kwa nguvu kutoka kusimama. Ioniq 5 N inatoka kilowati 448 hadi 478 kwa sekunde 10 ukibonyeza kitufe. Hyundai hao walikuwa na wazo hilo kabla, kwenye Kona N ya petroli: farasi 280 hadi 290 kwa sekunde 20.

Kwenye mota, anayepata joto ni waya wa shaba uliosokotwa ndani, pamoja na kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kuendeshea mota. Joto la waya linakua kwa mraba wa mkondo: ongeza mkondo kwa asilimia 10, joto linalozalishwa linaongezeka kwa asilimia 21. Shaba nayo ina uzito, inameza kwa sekunde kadhaa, kisha inabidi ipumzike. Na seli za betri nazo hazipendi kuvutwa kwa nguvu kwa muda mrefu, hasa zikiwa za baridi au karibu kuisha.

Nimefurahi umeuliza hili. Injini na mota ni vitu viwili tofauti kabisa, na bado wahandisi wa pande zote wamefika kwenye sekunde zilezile, 10 au 20. Muda wa kulipita gari jingine ni huohuo kwa kila mtu, na chuma kinapata moto kwa sheria ileile.

#17 MzeeWaRejeta

Na dizeli? Nina moja inayojisifu kwa ovabusti.

#18 SpanaKumiNaTatu

Zipo, mzee. Dizeli haina kunoki ya namna ile kwa sababu hewa inakandamizwa peke yake na mafuta yanaingia mwishoni. Vikomo vyake ni presha ndani ya silinda, joto la moshi na giaboksi. Giaboksi tumeisahau kabisa kwenye uzi huu: magari mengi yanakunyima toku kamili kwenye gia ya kwanza na ya pili, si kwa ajili ya injini bali kwa ajili ya meno ya gia, klachi na matairi.

#19 Nyanda_Juu

Nimerudi. Tumesoma presha zote mbili leo asubuhi, zinafuatana vizuri hadi mwisho. Tabo ni nzima. Swali la mwisho: nikishaitumia, nisubiri muda gani kabla ya kuitumia tena?

#20 GiaYaTano

Nimefurahi sana kusikia hivyo, mkuu.

Ford Focus RS ya mwaka 2016 inatoa nyutonimita 470 badala ya 440 kwa sekunde zisizozidi 15, na inajifanyia yenyewe ukikanyaga mafuta mpaka chini, bila kitufe. Magari mengi yako hivyo, kwa hiyo huna saa ya kuangalia. Angalia joto la hewa inayoingia, kama dashibodi yako au kile kifaa cha kuchomeka kinalionyesha. Kabla ya kukanyaga lilikuwa namba gani? Likirudi karibu na hapo, deni limelipwa. Kwa mwendo wa kawaida na mguu mwepesi intakula inapigwa na upepo na inapoa haraka. Ukisimama kwenye foleni mara tu baada ya kukanyaga, joto la injini linapanda lenyewe hadi kwenye intakula, na unaweza kuanza tena ukiwa na hewa ya moto kuliko ulivyoiacha. Kwa hiyo ukimaliza kulipita gari, endelea kutembea taratibu dakika moja au mbili, usiende kusimama.